Kamera za kasi ya ajabu ni tunda la subira ya wanafunzi wa uzamifu

MNAMO 2024, watafiti wa taasisi ya INRS katika mkoa wa Quebec, Canada, walitangaza kuwa wameunda kamera inayonasa matukio kwa kasi ya picha trilioni 156.3 kwa sekunde. Kamera hiyo inaitwa SCARF. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini kati ya picha moja ya kamera hiyo na inayofuata, mwanga huo huwa umesonga takriban sehemu mbili tu kati ya elfu moja za milimita.

Aghalabu habari za aina hii husomwa, zikastaajabiwa, kisha zikasahaulika. Mwananchi anayehangaikia karo na bei ya unga ana haki ya kuuliza kamera kama hiyo itamfaa nani. Jibu halimo katika hesabu ya matrilioni. Limo katika historia ya namna kamera hizi zilivyopatikana, na hasa katika mchango wa wanafunzi wa shahada ya uzamifu.

Hamu ya kuona kisichoonekana kwa macho ni ya tangu zamani. Mwezi Juni 1878, huko Palo Alto, California, mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, kila moja ikifyatuliwa na uzi ambao mnyama aliugusa akipita. Picha hizo zilithibitisha kwamba farasi anapotimua mbio, kuna wakati kwato zote nne huwa hewani. Binadamu alikuwa amemtazama farasi kwa maelfu ya miaka bila kuwa na hakika ya jambo hilo.

Miongo mitano baadaye, Harold Edgerton alikuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT). Hakuwa akitafuta picha. Alikuwa akichunguza mwenendo wa mota za umeme, akatambua kuwa taa inayowaka na kuzimika sambamba na mzunguko wa mota huifanya ionekane kana kwamba imesimama tuli. Alihitimu mwaka wa 1931. Baadaye taa ya namna hiyo ilimwezesha kunasa picha ya risasi ikipasua tofaa, na mmweko wa kielektroniki unaotumiwa katika studio za picha unadaiwa kwa kiasi kikubwa na kazi yake.

Mfano wa pili ni wa Donna Strickland, raia wa Canada. Katika miaka ya themanini alikuwa akisomea uzamifu katika Chuo Kikuu cha Rochester, New York, chini ya mwalimu wake Mfaransa, Gérard Mourou. Tatizo lao lilikuwa hili: mpigo mfupi wa leza ukiongezwa nguvu kupita kiasi, huharibu kifaa chenyewe kinachouongeza nguvu.

Suluhu yao ilikuwa kuurefusha mpigo huo kwanza kwa kuupitisha katika uzi wa kioo wenye urefu wa kilomita 1.4. Ukisharefuka, makali yake hupungua, nao waweza kuongezwa nguvu bila kuleta madhara, kisha ukabanwa tena uwe mfupi na mkali kuliko awali. Makala yao ilichapishwa mwaka wa 1985. Ilikuwa ya kwanza ya Strickland katika jarida la kisayansi. Mnamo 2018, wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, wakigawana nusu ya tuzo ya mwaka huo. Leo madaktari wa macho hutumia leza za mipigo mifupi kukata utando wa mbele wa jicho wakati wa upasuaji. Utafiti huo haukuanza kwa lengo la kuwatibu wagonjwa wa macho.

Wazo la kurefusha mpigo wa mwanga liliibuka tena, kwa njia nyingine, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mnamo 2009, Keisuke Goda, Kevin Tsia na Bahram Jalali walieleza kuhusu kamera waliyoiita STEAM, iliyonasa picha zaidi ya milioni sita kwa sekunde.

Jinsi inavyofanya kazi si vigumu kufahamu. Mpigo wa leza hutawanywa kuwa rangi mbalimbali mfano wa upinde wa mvua, na kila rangi huangaza sehemu yake ya kitu kinachopigwa picha. Mwanga unaorejea huingizwa katika uzi wa kioo. Kwa kuwa rangi hazisafiri kwa mwendo mmoja ndani ya kioo, hufika zikifuatana, kama wakimbiaji walioanza pamoja. Kifaa kimoja tu cha kupokea mwanga huzisoma moja baada ya nyingine na kuunda picha nzima.

Kufikia 2012, Goda na wenzake walionyesha kuwa mbinu hiyo inaweza kukagua chembe 100,000 kwa sekunde katika kiowevu kinachopita, na kuitambua chembe moja ya saratani miongoni mwa chembe milioni moja za damu. Mtu akitumia darubini ya kawaida hawezi kamwe kuzipitia chembe zote hizo. Hapo ndipo swali la mwananchi wetu linapoanza kujibiwa.

Bara letu nalo halikukosa mtu katika fani hii. Ahmed Zewail alizaliwa Damanhur, Misri, mwaka wa 1946, akasomea shahada zake za mwanzo mjini Alexandria. Hata hivyo, uzamifu wake aliupata katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka wa 1974. Kazi ya kutumia leza kutazama kemikali zikivunjika na kuungana, iliyompa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1999, aliifanya California. Kipaji kilikuwa cha Afrika, ilhali maabara zilikuwa za Marekani.

Hilo linapaswa kutufikirisha sisi Wakenya. Mnamo 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliwapa wahadhiri miaka mitano wawe na shahada ya uzamifu. Nia ilikuwa njema, lakini shinikizo lilielekezwa kwenye cheti. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 nayo iliagiza asilimia mbili ya pato la taifa itengewe Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, kiwango ambacho bajeti zetu hazijawahi kukifikia. Tumemdai mtafiti shahada, tukamnyima maabara.

Wapo watakaosema kuwa nchi yenye madeni haina haja ya kamera ya matrilioni. Ni kweli, na hakuna anayependekeza tuinunue. Kinachohitajika ni kumpa mwanafunzi wa uzamifu muda, vifaa na mwalimu anayelielewa swali lake. Katika zahanati zetu, mtaalamu wa maabara angali anainamia darubini akihesabu vimelea vya malaria tone baada ya tone. Je, kazi hiyo haiwezi kuharakishwa kwa picha na mwanga? Swali hilo ni letu zaidi kuliko la California.

Ikumbukwe kuwa Edgerton alianza na mota, naye Strickland akaanza na mpigo wa leza uliokuwa ukiharibu vifaa. Lau wangetakiwa kutaja faida ya kazi zao mwaka wa kwanza, pengine wasingepewa hata senti moja. Wabunge wanapokaa kujadili makadirio ya matumizi ya serikali, wasiulize tu ni watu wangapi waliohitimu uzamifu. Waulize pia wanafunzi hao walichunguza nini, na walipewa vifaa gani vya kuchunguzia.