WIMBO WA TAIFA NA MAHALI PA KUWEKA DO



Twapenda kuwauliza neno moja watu wa beni na wapiga kinanda: wimbo wa taifa ni wa nani? Ikiwa ni wa matarumbeta, basi na upigwe katika ufunguo wo wote unaoyapendeza, nasi tusimame kimya kwa heshima. Lakini ikiwa ni wa watu, hatuna budi kuweka do pahali ambapo koo la karani na la tarishi laweza kufika.

Sababu ya kusema hivi yajulikana na wengi. Katika mikutano yetu wimbo huanza kwa nguvu, na kabla haujafika kati nusu ya watu wamefunga vinywa. Wanaume huguna chini kama nyuki mzingani, na waliobaki huitazama bendera. Kisha mgeni wa heshima husimama akasema ya kwamba watumishi wa siku hizi hawaupendi wimbo wa taifa lao. Sivyo hata kidogo. Wimbo umetundikwa darini, wala ngazi haikuletwa.

Walimu wa beni hutujibu ya kuwa wimbo ulitungwa katika B flati, na kuushusha ni kuuvunjia heshima. Jibu hili twalikataa. Ni kweli Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897 katika B flati. Lakini aliwatungia wanafunzi wake, na sauti za watoto ni za juu. Tena aliuandika kwa do re mi. Nasi tuliolelewa katika kwaya za misheni twajua desturi ya do re mi: do haikai pamoja daima, bali mwalimu huihamisha kwa kadiri ya waimbaji alio nao siku ile. Ufunguo ulioandikwa juu ya karatasi ni shauri, si amri. Watu wa Afrika Kusini hawakuona haya katika jambo hili: wimbo wao wa mwaka 1997, uliounga wimbo wa Sontonga na ule wa zamani wa Makaburu, huanza katika G ukaishia katika D.

Siri ya B flati ni nyingine. Tarumbeta ya kawaida imetengenezwa katika B flati, hata mpigaji akipiga ufunguo huo, karatasi yake haina alama hata moja ya kupandisha wala kushusha noti. Ukimwambia apige katika G, mara aziona alama tatu za kupandisha, naye hukunja uso. Hatumlaumu, kila fundi hupenda chombo kimtii. Lakini tarumbeta haitamki maneno, na maneno ndiyo dua yenyewe tuliyoipokea Tanganyika mwaka 1961.

Kutoka B flati mpaka G ni sauti moja na nusu tu. Aliyefunzwa kuimba hatajali. Kwa mtu asiyefunzwa, tena saa mbili ya asubuhi koo halijaamka, ndiyo tofauti ya kuimba na kupiga kelele.

Wako walio na taabu kuliko sisi. Sauti ya wimbo wa Marekani ilitungwa na John Stafford Smith kwa ajili ya chama cha mabwana wa London, ambapo hodari mmoja aliimba ubeti na wenziwe wakaitikia. Upana wake ni ngazi nzima ya noti nane, na noti nne juu yake. Katika B flati kilele chake ni F. Ukiushusha hata G kilele huwa D, lakini mwanzoni watu wazama chini wasisikike. Wimbo wa Uingereza hauzidi noti saba, ndiyo maana hata mlevi huumaliza.

Basi twaiomba Halmashauri ya Chama iagize mapema, kwa mkutano mkuu ujao, karatasi za beni zilizoandikwa katika G. Wapigaji wakishindwa kabisa, na wapewe A flati. Na ikiwa hiyo nayo yawalemea, beni inyamaze, mmoja wa wanakwaya atutolee do, tuimbe wenyewe.