Sinema nayo ni kazi

Mzazi wa Katuba au Kamalondo akisikia mtoto wake anataka kazi ya sinema, jibu ni lile lile: soma udaktari, ama nenda mgodini. Wazazi hao wasikie habari ya Baloji.

Alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji akiwa mdogo sana. Kwanza alijulikana kwa muziki wa rap katika kundi la Starflam. Shule ya sinema hakusoma. Alijifunza kwa kutengeneza filamu fupi. Filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, aliipigia Kinshasa na hapa kwetu, na mwezi wa 5 mwaka 2023 ikapata zawadi Cannes, Ufaransa. Inazungumzia watu wanaoitwa wachawi, neno ambalo limefukuza watoto wengi nyumbani. Na jina Baloji lenyewe lina maana hiyo hiyo! Nani angependa kuitwa hivyo shuleni?

Dieudo Hamadi wa Kisangani naye alianza na masomo ya udaktari, kisha akashika kamera. Filamu yake ya 2020 inafuata wahanga wa vita vya siku 6 vya Juni 2000, wakiwemo waliokatwa miguu, wakisafiri mtoni hadi Kinshasa kudai fidia. Familia zilizokimbia vita zinajua uzito wa jambo hilo.

Lakini sinema inakula pesa, na mapenzi peke yake hayanunui kamera. Jimbo lianze na ukumbi mmoja, na kamera chache kwa vijana waliohama makwao.