Namba ya Kipuri si Jina Tupu

Wilaya ya Misungwi ni nchi ya pamba, mpunga na mahindi. Palipo na mazao hayo hapakosi mashine za kusaga na kukoboa. Na palipo na mashine hapakosi siku ambayo kipuri huharibika, mtu akatumwa Mwanza mjini kutafuta kingine. Mara nyingi mtu huyo hukishika kipuri kibovu mkononi na kumwambia muuzaji: "Nipe kinachofanana na hiki." Maneno hayo machache ni chanzo cha hasara nyingi. Kufanana si kuwa sawa, na namba iliyochapwa juu ya kipuri haikuwekwa kwa urembo.

Na itazamwe beringi ya kawaida yenye namba 6205. Tarakimu 6 yaeleza kwamba ni beringi ya gololi za safu moja. 2 yaeleza jamii ya vipimo. Na 05, ikizidishwa kwa 5, yatoa kipenyo cha tundu, yaani milimita 25. Beringi namba 6304 ina kipenyo cha nje cha milimita 52 na upana wa milimita 15, sawasawa na 6205, lakini tundu lake ni milimita 20. Kosa hilo hudhihirika mara mhimili unapokataa kuingia. Hatari zaidi ni alama ya mwisho. Beringi 6205 na 6205 C3 hazitofautiani kwa vipimo vya nje. Tofauti ni nafasi iliyo ndani, baina ya gololi na njia zake, ambayo katika C3 ni kubwa zaidi ili chuma kipate pa kutanukia kinapopata joto. Jicho halioni tofauti hiyo. Namba ndiyo huisema.

Mambo huwa magumu zaidi katika vali za servo, ambazo kwa umeme mdogo huongoza mafuta yenye shinikizo kubwa katika mitambo ya viwandani. Vali mbili huweza kulingana kwa umbo na kwa matundu ya bolti, zikatofautiana kwa herufi moja tu. Herufi hiyo huenda ikahusu kiasi cha mafuta yapitayo, au aina ya mpira wa kuzibia. Mpira wa nitrili hustahimili mafuta ya madini, lakini huharibiwa na vimiminika vya fosfeti-esta vitumiwavyo penye hatari ya moto.

Gharama ya herufi moja ilionekana Uingereza tarehe 10 Juni 1990. Ndege iliyotoka Birmingham kwenda Málaga ilipokuwa ikipanda, kioo cha mbele kiling'oka, rubani akavutwa nje nusu mwili. Wenzake walimshikilia mpaka ndege ikatua Southampton, naye akapona. Uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya bolti 90 za kioo hicho kilichokuwa kimebadilishwa karibuni, 84 zilikuwa A211-8C badala ya A211-8D. Unene wake ulipungua kwa chini ya milimita moja. Fundi alizichagua kwa kuzilinganisha na za zamani kwa macho, bila kutazama kitabu cha vipuri.

Wapo watakaosema kwamba elimu hii ni ya vyuo vya ufundi, si ya shule za sekondari. Hoja hiyo haina nguvu. Mwanafunzi hufundishwa kupima kwa kalipa ya vernia. Kwa nini asipimishwe beringi kuukuu kutoka karakana ya jirani, kisha akalinganisha kipimo na namba yake? Atagundua pia kwamba kanuni ya kuzidisha kwa 5 huanzia 04, kwani 00, 01, 02 na 03 ni milimita 10, 12, 15 na 17. Azoee kunakili namba nzima, pamoja na vistari na herufi za mwisho, na kutochanganya 8 na B au 0 na O.

Somo hilo halihitaji fedha za kigeni wala maabara mpya. Lahitaji sanduku la vipuri vikuukuu na mwalimu mwenye nia. Mkulima anayengoja mashine itengenezwe, na abiria asiyemjua fundi wake, wote wawili hutegemea mtu aliyejifunza kusoma hadi herufi ya mwisho.