Mwulize ajenti: mafuriko yamo?

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri kuhusu bima, ila umepita haraka mahali panapowaumiza watu wa mabondeni. Bima nyingi za nyumba na maduka hapa Tanzania msingi wake ni bima ya moto. Mafuriko huwa kipengele cha kuongezwa, mara nyingi kwa malipo ya ziada. Mwenye duka jirani na Jangwani anaweza kulipa kila mwaka bila kukosa, Mto Msimbazi ukifurika asipate hata shilingi, kwa kuwa kipengele hicho hakimo. Na baada ya mafuriko ya Desemba 2011, nani Dar es Salaam hajui maji yanapopita?

Wapangaji nao wasijifariji: bima ya mwenye nyumba inalinda kuta na paa, si magunia yako ya mchele.

Kubwa zaidi ni thamani. Tuseme mali ya dukani ni milioni 40, wewe ukaandikisha milioni 20 ili upunguze ada. Maji yakiharibu mali ya milioni 10, kampuni inaweza kukulipa milioni 5 tu, kwa sababu ulikata bima ya nusu. Hilo limo kwenye mkataba, kwa maandishi madogo, na ajenti wengi hawalitaji. Inaniuma sana, maana anayepunguza ada hivyo ni yule yule asiye na akiba ya kuanzia upya.

Risiti na picha za mali zihifadhiwe nje ya duka. Daftari likilowa, utathibitisha nini?