Upana wa Swali

Wapo wadhanio kwamba shahada ya uzamivu hukamilishwa kwa akili nyingi. Sisi twaona kuwa wengi hukwamishwa na upana wa swali. Tuchukue mfano wa Tengeru, ilipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa mwaka 2012. Chemchemi nyingi za miteremko ya Mlima Meru zina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, na watoto wakuao kwa maji hayo hupata meno ya kahawia. "Maji ya Arusha" si swali la tasnifu. Miaka kumi haitalimaliza. Bali aulizaye mkaa wa mifupa wenye chenga za ukubwa fulani hunasa floraidi kiasi gani kwa saa moja, huyo anajua atakapokoma. Tena aandike tangu wiki ya kwanza, hata kurasa mbovu, kwani msimamizi hawezi kusahihisha yaliyomo kichwani.

Nanyi, walimu watarajiwa, msingoje Tengeru. Katika mazoezi ya kufundisha chagueni kosa moja la kutoa kwa kukopa, Darasa la Tatu, mlifuatilie daftarini kila siku hadi mazoezi yaishe.