Utepe wa rangi tatu

Ni ukanda mwembamba wa plastiki, mwepesi kama noti, unaokaa mfukoni pamoja na kalamu. Mhudumu wa afya hutafuta katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto wa mtoto mwenye umri wa kati ya miezi 6 na 59, kisha huuzungusha utepe hapo, mkono ukiwa umelegea. Sentimita 12.5 na zaidi ni kijani. Chini ya hapo ni njano, utapiamlo wa kadiri. Chini ya 11.5 ni nyekundu: mtoto apelekwe kituoni leo, si siku ya kliniki.

Mama asiyejua kusoma anazijua rangi. Huko Niger akina mama walifundishwa kupima wenyewe, na vipimo vyao vikakaribiana sana na vya wahudumu. Basi kwa nini utepe ulale kabatini mwa zahanati? Tunataka kila mama anayemaliza kliniki aondoke nao, kama anavyoondoka na kadi ya mtoto.

Ila afundishwe kweli, si kukabidhiwa tu. Ukivutwa sana hubana nyama na mtoto mzima akaonekana mgonjwa. Ukilegezwa, mgonjwa anaingia kwenye kijani. Na mtoto mwenye kwashakoo huweza kusomeka kijani kwa sababu ya uvimbe. Kwa hiyo mama abonyeze pia nyayo zote mbili kwa juu, kwa kidole gumba, kwa sekunde chache. Kikibaki kishimo, utepe uwekwe pembeni, safari ya kituoni ianze.