Mbele ya kununua GPS ya motoka, uliza kama inajua Katuba



Wiki iliyopita nilipanda taksi katikati ya mji, motoka ya Japani yenye usukani kuume. Mbele ya dereva kulikuwa skrini kubwa, nzuri kabisa, yenye maandishi ya Kijapani. Nikamuuliza: "Papa, hiyo GPS inatumika?" Akacheka. Akasema tangu motoka itoke Dar es Salaam, ile mashine inaamini wangali Japani. Kwake ni redio tu.

Si yeye peke yake. Motoka nyingi zinazotufikia kutoka Japani ziliwekwa ramani ya kule tu. Hata hivyo kuna wauzaji wanaopandisha bei juu ya hiyo skrini. Mimi nasema usiongeze hata falanga moja.

Watu wengi wanachanganya vitu viwili. Satelaiti za GPS, ambazo ni za Marekani, zinazunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu na hazichagui mji. Alama yao inafika Kamalondo sawasawa na Paris, bure, bila kukula mega zako. Mashine ikipata satelaiti 4, inajua uko wapi. Lakini jina la avenyu, njia, hospitali, hayo yanatoka katika ramani iliyowekwa ndani. Kama ramani ni ya Ulaya, utaona motoka yako ikitembea mahali patupu.

Basi mbele ya kutoa makuta, toka nje na muuzaji, mwambie atafute avenyu yako ya Katuba, Ruashi ao Kenya. Asikuonyeshe Kasa-Vubu ao Lumumba, hizo ni za kila mtu. Akianza kusema ramani itakuja kisha, rudisha makuta mfukoni.

Kwa mawazo yangu, wengi wetu hatuna lazima ya mashine ya kununua. Telefone yenye OsmAnd ao Organic Maps inatosha. Pakua ramani siku moja penye intaneti, na itakuongoza mpaka Likasi ao Kasumbalesa hata pasipo mtandao. Beba tu waya ya kuchaji, maana betri inakwisha mbio.

Programu hizo zinatumia OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kusahihisha. Lubumbashi yetu ilikuwa kati ya miji ya kwanza kuchorwa katika kazi ya Missing Maps, mwaka 2014, pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka. Watu wa mbali walichora njia na nyumba kwa kutazama picha za satelaiti. Majina yalipaswa kuulizwa hapa chini, kwa miguu. Kolera ilikuwa sababu moja: mgonjwa akitaja kartye yake, muganga ajue ni wapi.

Lakini mji umepanuka. Familia nyingi zilizokimbia vita zinakaa pembeni, penye avenyu bila jina. Mama akishikwa na uchungu usiku, dereva anaelekezwa: nyuma ya kanisa, karibu na mwembe. Kanisa gani? Wakati anazunguka, saa inakwenda. Hapa mashefu wa kartye na vijana wenye telefone wana kazi: waandike njia, kisima, kituo cha afya.

Nyumba za wakimbizi wenyewe, hapana. Mtu aliyekimbia watu wa bunduki ana haki ya kutokuwa alama kwenye ramani ya dunia nzima. Rafiki zangu wa misaada wananibishia, wanasema asiyeonekana hasaidiwi. Mimi najibu: waandikwe kwenye daftari la msaada, lifungwe vizuri.

Yule papa wa taksi tulimwekea ramani kwenye telefone yake siku ile ile. Ikatupeleka vizuri, kisha ikatuingiza katika avenyu iliyokatwa na mvua. Tulirudi nyuma, tukamuuliza kijana wa wewa.